Sura ya Saba: Waliochoka Kuzunguka

Kutoka Kisangani hadi Yangambi ni karibu kilomita 100, ukifuata ukingo wa kulia wa mto Kongo kuelekea magharibi. Katika milima ya Eifel huko Ujerumani kuna njia maarufu ya mbio za magari iitwayo Nürburgring. Kitanzi chake cha kaskazini, Nordschleife, kilifunguliwa mwaka 1927 na kina urefu wa kilomita 20.8. Ukikizunguka mara tano, umekwenda Yangambi. Mwaka 2018 Mjerumani Timo Bernhard alikizunguka kwa dakika 5 na sekunde 19, katika Porsche iliyofanyiwa marekebisho ya kuvunja rekodi. Kwa mwendo huo angetoka Kisangani akafika Yangambi chini ya nusu saa, ila kwanza angesimama ukingoni mwa mto Lindi kungoja kivuko kama sisi wengine.

Nordschleife haikuwekwa kwa ajili ya mabingwa peke yao. Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda, lango hufunguliwa kwa raia. Mtu yeyote mwenye leseni na gari lililoruhusiwa barabarani hulipa kiingilio na kuingia. Ndiyo maana Waingereza, Waholanzi na Wabelgiji huenda huko kwa makundi: mwalimu, fundi umeme, karani wa benki, kila mmoja na gari lake analolilipia mkopo. Wanasafiri msafara mmoja, wanalala kwenye vihoteli vya vijiji vya jirani, na asubuhi wanaingia kwenye kona zaidi ya 70 ambazo walizikariri kwenye michezo ya kompyuta. Wengi hutoka wakicheka. Wachache hutoka juu ya gari la kuvuta mabovu, na baadaye hugundua kwamba bima yao haikuitambua safari ile.

Vijana wa pikipiki wa Kisangani wanazitazama video hizo kwenye simu wakingoja abiria, na swali lao ni moja: uwanja wetu sisi uko wapi? Huwa nawajibu kwamba uwanja ulikuwepo, si hapa bali upande wa mashariki wa maziwa, na wenye magari waliuchoka wenyewe. Habari za watu hao ndizo sura hii.

Uwanja wenyewe uliitwa Langa Langa, karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Ulitumia barabara za kambi ya jeshi iliyobaki baada ya vita vikuu vya pili. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakikusanyika pale na magari yao, wanazunguka, wanahesabu mizunguko, jioni wanarudi Nairobi au mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Eric Cecil, mmoja wa waandaaji wa michezo ya magari mjini Nairobi, alijaribu kumshawishi binamu yake Neil Vincent aje kushindana. Vincent alikataa. Alisema haoni raha yoyote katika kuzungukia kipande kilekile cha njia. Lakini kama Cecil angeandaa jambo ambalo watu wanaingia garini, wanafunga mlango, wanakata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, yeye angekuwepo.

Cecil aliyachukua maneno hayo kama kazi aliyopewa. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kundi la madereva wa ridhaa lilikimbia kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita, nyingi zikiwa za udongo. Mbio hizo ziliitwa Coronation Safari, kwa kuwa Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anavishwa taji mjini London siku ya pili yake, Juni 2.

Msomaji wa Kongo, anayejua maana ya kusherehekea mfalme wa watu wengine, atauliza wenye nchi walikuwa wapi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1953, wiki chache tu kabla ya magari kuondoka, mahakama ya Kapenguria ilimhukumu Jomo Kenyatta kifungo. Kwa hiyo mashindano yale ya kwanza yalikuwa starehe ya walowezi katika nchi iliyokuwa vitani, na anayeyasimulia bila kulitaja hilo anasimulia nusu. Nusu nyingine ni kwamba baada ya uhuru Kenyatta huyohuyo, sasa Rais, alisimama kwenye jukwaa la Nairobi akipunga bendera ya kuyaruhusu magari kuondoka, mbele ya umati ambao tayari uliyaona mashindano kuwa mali yake.

Kilichowawezesha wananchi kuyachukua mashindano ya wakoloni ni kanuni mbili za mwanzo. Ya kwanza: gari liwe kama lilivyotoka dukani, bila kuongezwa nguvu. Ya pili: magari yalipangwa katika matabaka kwa bei yake madukani, hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Ulaya walipanga kwa ujazo wa silinda; Nairobi walimuuliza mtu amelipa kiasi gani. Mwenye gari la bei ndogo alishindana na wenye magari ya bei ndogo, na gari lake ni lilelile ambalo Jumatatu lingempeleka kazini. Hesabu ya ushindi nayo ilikuwa nyepesi. Kila kipande cha njia kilipewa muda wake, na kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo cha ukaguzi iliandikwa kama alama ya adhabu. Mwenye alama chache ndiye bora.

Aliyekuwa na alama chache mwaka ule ni Alan Dix, na Johnny Larsen akiwa mwenzake, katika Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe. Mwaka uliofuata Volkswagen nyingine ikashinda, ya Vic Preston na D.P. Marwaha. Eric Cecil mwenyewe, mwenye wazo, alishinda mwaka 1956 katika DKW, gari la Kijerumani ambalo injini yake ilichanganya mafuta na oili kama pikipiki za zamani. Hakuna hata moja kati ya magari hayo ambalo leo lingemfanya mtu ageuke barabarani.

Tuone basi ugumu ulikuwa wapi, na hapa mtu wa Yangambi hahitaji kuelezwa sana. Baadaye mashindano yalihamia msimu wa Pasaka, ambao kwa Afrika Mashariki ni mlango wa masika. Kwetu, serikali ya kikoloni iliacha desturi ya bariera ya mvua: mvua ikinyesha, mti unashushwa barabarani na magari mazito yanangoja udongo ukauke, kwa sababu lori moja katika tope bichi linaharibu kazi ya wiki nzima ya makantonye, wale vibarua wa kutengeneza barabara. Kule Nairobi watu walichagua kwa makusudi majuma ambayo sisi tungeteremsha bariera, wakayafanya ndiyo mchezo. Udongo mweusi wa pamba ukilowa unashika gurudumu hadi halizunguki tena. Mito midogo inayovukwa kwa miguu asubuhi inabeba gari jioni. Usiku kuna ng'ombe, punda, fisi na lori lisilo na taa. Juu ya hayo kuna usingizi, maana hatua zilikwenda usiku na mchana.

Anayekwama anasukumwa na wanakijiji. Hilo nalo tunalijua. Katika kila shimo kubwa la njia zetu kuna vijana wenye makoleo na magogo, na bei inapangwa gari likiwa limeshazama, wakati mwenye gari hana ujanja wa kubembeleza. Mashindano ya Safari yalijenga uchumi huohuo kando ya njia yake, na si kila shimo lililokuwepo lilichimbwa na mvua. Wageni walilalamika kwamba wamechezewa. Madereva wa nyumbani walitembea na noti ndogondogo mfukoni.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na tena yakafika 7. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, katika Peugeot 404. Peugeot hiyohiyo ilimpa Bert Shankland wa Tanzania ushindi wa 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell. Wazee wa Kisangani wanaikumbuka 404 kwa kazi nyingine: teksi, gari la harusi, gari la maiti, gari la kubeba ndizi. Sioni kama ni ajabu kwamba gari lililowatosha wafanyabiashara wa barabara mbovu ndilo lililoshinda mashindano ya barabara mbovu. Viwanda vya Ulaya vilichukua miaka kulielewa hilo. Vilileta madereva maarufu na magari mepesi ya theluji, na mwaka baada ya mwaka wenyeji wakawatangulia. Mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, mwaka wa 20 wa mashindano.

Kati ya wenyeji wote, wa kukaa naye zaidi ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932 katika familia ya Masingasinga, na akajifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake. Fundi kwanza, dereva baadaye. Mpangilio huo ndio uliomfikisha alikofika. Mwaka 1965 alinunua Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika katika Safari ya mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda. Watu wa kiwanda walikuwa wameondoka, gari likabaki. Joginder alilifungua, akalifunga upya kwa mikono yake, akamweka mdogo wake Jaswant kiti cha pembeni. Waliondoka jukwaani wa kwanza, nafasi ambayo madereva waliiogopa kwa kuwa wa mbele ndiye anayeonja tope kabla ya wengine, na wakarudi wa kwanza.

Kongo hali kama hii ina jina. Tunaiita kifungu cha 15, ile sheria isiyoandikwa katika katiba yoyote inayomwambia raia ajitafutie. Tumezoea kuitamka kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi ni serikali inayojivua wajibu. Lakini kuna upande wake wa pili, ambao ni ujuzi. Fundi wa Kisangani anayekata raba ya tairi kuukuu ili kuziba nafasi ya kipuri kisichopatikana anafanya kazi ambayo mhandisi wa kiwanda hajawahi kulazimika kuifanya. Joginder aliushindanisha ujuzi wa aina hiyo na bajeti za viwanda, na kwa takriban miaka 20 ujuzi haukushindwa. Mwaka 1974, akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ndogo, alimwacha nyuma Msweden Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911. Mwaka 1976 akashinda kwa mara ya tatu. Katika Safari 22 alizoingia alifika mwisho 19, na kwangu mimi hiyo 19 ni kubwa kuliko ile 3. Umati ulimwita Simba. Alifariki London mwaka 2013.

Baada yake alikuja Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya Kihindi, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Alishinda 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Jumla ni ushindi mara tano. Ila Mehta tayari alikuwa wa zama nyingine. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia, na muda si muda ikabaki ndani ya mipaka ya Kenya, kwani siasa za majirani watatu zilikuwa zimechacha. Helikopta zikaanza kuruka mbele ya magari, zikimwarifu dereva kuna twiga au lori baada ya kona. Viwanda vikawa na mafundi kila baada ya kilomita kadhaa. Mtu wa ridhaa aliendelea kuingia, lakini sasa alikuwa kama mchuuzi wa soko aliyewekewa duka kubwa mbele ya meza yake. Hata hivyo Ian Duncan, mkazi wa Kenya, alishinda mwaka 1994 katika Toyota, na Patrick Njiru akamaliza wa nne katika Subaru. Jina la Njiru liliwekwa kwenye midomo ya watoto wa nchi nzima, kwa sababu Mkenya mweusi alikuwa amekaa usukani bega kwa bega na timu za viwanda.

Baada ya mwaka 2002 ubingwa wa dunia uliondoka Kenya. Ulirudi Juni 2021, na mshindi akawa Mfaransa Sébastien Ogier. Makao yalihamia Naivasha, kando ya ziwa, si mbali na Gilgil ambako Langa Langa ilikuwa. Hatua za sasa ni fupi, zinapita katika mashamba na hifadhi kama Kedong, Soysambu na Hell's Gate, njia zikiwa zimefungwa na kulindwa, na magari yanarudi kituo kilekile kila jioni. Nasema wazi kwamba hilo linakaribia mno kile Neil Vincent alichokikataa. Lakini siwalaumu waandaaji. Barabara kuu ya leo ina mabasi ya shule na matatu. Huwezi kumruhusu mtu aikimbilie kilomita 180 kwa saa huku wananchi wanatoka sokoni. Vumbi laini la volkano pale Kedong bado linameza injini za mabingwa, na mvua bado inafanya inavyotaka. Na mwaka 2022 Maxine Wahome wa Kenya alishinda daraja la tatu la ubingwa katika njia hizohizo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akiwa bado mgeni katika mchezo wa rally.

Karibu na kwetu zaidi, Rwanda imeomba uwanja wa kweli wa lami. Desemba 2024, mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba nchi yake inataka kuandaa Formula 1, ambayo haijakimbiwa Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, na Februari 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akawaandikia wakuu wa Formula 1 akiwataka wasipeleke mbio hizo Kigali. Mimi niko upande wa barua ile. Mbali ya siasa, sioni uwanja wa Formula 1 ungempa nini dereva wa kawaida wa Kisangani, Bukavu au hata Kigali kwenyewe. Atanunua tiketi, atakaa juani, atatazama. Gari lake halitaingia.

Vijana wananiuliza kama inawezekana kwenda Naivasha kwa kundi, kama wale wa Ulaya wanavyokwenda Ujerumani. Kwa ramani, ndiyo: Kisangani, Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa, Komanda, kushuka Beni, kuvuka Kasindi kuingia Uganda, kisha Kampala hadi Naivasha. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwa usalama, sishauri. Kati ya Mambasa na Beni watu wanauawa njiani, na hakuna mbio inayostahili roho ya mtu. Mwenye uwezo aende kwa ndege hadi Entebbe au Nairobi, awahi chumba mapema kwa sababu Naivasha hujaa, na asiishie kwenye mahema ya wageni wa heshima. Asimame kwenye mlima wa wazi pamoja na wananchi, upande ambao upepo haumletei vumbi.

Lakini lililo bora zaidi linaweza kufanyika hapahapa Tshopo. Yangambi inajulikana na watafiti wa migomba duniani kwa sababu ya kilomita moja ya barabara: ndizi iitwayo Yangambi Km 5, inayostahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, ilipewa jina la mahali ilipokusanywa, kilomita ya tano, katika kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikianzisha chini ya shirika la INEAC lililoundwa mwaka 1933 na ambacho sasa ni INERA. Sehemu ambayo kilomita moja tu imeingia kwenye vitabu vya sayansi haishindwi kuandaa mbio zake. Siyo mbio za kasi. Vijiji vimejipanga kando ya njia, na watoto, mbuzi na mihogo iliyoanikwa viko barabarani. Iwe safari ya muda uliopangwa, kama ile ya 1953: dakika zako za halali kutoka kituo hadi kituo, alama ya adhabu kwa kila dakika ya kuchelewa, na adhabu mara mbili kwa anayewahi kupita kiasi, ili asiwepo wa kukimbiza watu. Pikipiki ziwe na daraja lao, maana hizo ndizo gari la wengi wetu.

Kwa mkuu wa jimbo, kwa chama cha wenye pikipiki na kwa wafanyabiashara wa Kisangani ambao huenda wakaombwa fedha, ombi langu ni moja. Kabla ya kutafuta mfadhili, kabla ya bango na fulana, iandikwe kwanza ile kanuni ya Nairobi ya kuwapanga washindani kwa bei ya vyombo vyao. Bila hiyo, mwenye gari jipya la milimani atashinda kila mwaka, na baada ya miaka miwili atakuwa anashindana peke yake.